Mgeni Aliyeingia Bila Hodi

Mtoto alikuwa amekwama bega, na Yunis Masele hakuwa na muda wa kubadilisha glavu.

"Usisukume kwanza, Kabula. Tweta. Tweta kama mtu aliyekimbizwa na nyuki."

Nje mvua ya mchana ilikuwa ikilipiga paa la zahanati ya Itumbiko kwa nguvu. Treni ya sumaku ikapita kuelekea ziwani, vyombo vikatetema kwenye sinia, na mkasi ukamponyoka Yunis mkononi. Aliudaka kabla haujafika sakafuni. Akasikia kitu kinamchoma kiganjani, akakipuuza. Aliingiza mkono, akalitafuta bega dogo lililojificha, akaligeuza taratibu kama mtu anayefungua kitasa cha nyumba yenye wagonjwa.

"Sasa. Sukuma."

Binti akatoka, rangi yake ya buluu, kimya. Yunis alimsugua mgongo, akampulizia, akamsugua tena. Kilio kilipokuja kilikuwa chembamba, kisha kikajaa chumba kizima. Kabula, binti wa miaka ishirini na kitu, alicheka na kulia kwa pamoja.

Yunis aliyaona madoa wakati akimsafisha mama. Yalikuwa ndani ya paja, ya rangi ya majivu, kila doa na umbo la jani lililokauka. Aliyatazama, kisha akautazama mkono wake. Glavu ilikuwa imechanika kuanzia kidole gumba hadi kwenye kifundo cha mkono, na ndani yake kulikuwa na damu. Ya nani na ya nani, hakuna ambaye angeweza kuitenganisha.

Mnyauko ulikuja miaka ile dawa zilipokufa. Magonjwa mawili ya zinaa, ambayo babu zetu waliyatibu kwa sindano na kuyasahau, yalijifunza kuishi ndani ya dawa, yakapeana siri, yakarudi yakiwa kitu kimoja. Yalianza na macho, yakashuka miguuni, na mtu akanyauka kama mche uliokosa maji. Kwa mjamzito aliyechelewa, yalianza na mtoto.

"Mkunga, mbona umenyamaza?" aliuliza Kabula.

Yunis alikuwa amemfunda Kabula mwenyewe. Mwaka uliopita alisimama naye kanisani, pamoja na Masanja wake, wakaapa Agano la Nyumba: mume mmoja, mke mmoja, mlango mmoja. Kabula hakuwahi kumjua mwanamume mwingine, kabla wala baada. Masanja alikuwa akifanya kazi bandari ya ziwani, akirudi mwisho wa mwezi.

"Una binti," alisema Yunis. "Analia vizuri. Tumshukuru Mungu kwanza, halafu tumwite daktari."

*

Damu iliyoguswa na mnyauko haisemi siku hiyo hiyo. Yunis alilazimika kusubiri majuma, na katika majuma hayo Itumbiko nzima ilimbeba. Akina mama wa kanisa walipokezana kumfulia na kumchotea maji, ingawa alikuwa na nguvu zake zote. Mchungaji Lameki Shija alifunga kwa ajili yake mpaka mashavu yakabonyea. Mume wake, Elikana, fundi wa reli na mzee wa kanisa, alijifunza kupika. Ugali wake ulikuwa na mabuja, na Yunis na binti yao Ndaki waliula wote.

Siku ilipofika, Dokta Zamda Kiyungi aliweka kioo cha damu juu ya meza. Kilikuwa kipande cha kioo kama kiganja, kizito kidogo kuliko kinavyoonekana. Tone la damu likiwekwa juu yake, kioo hukaa na kufikiri. Mnyauko hukitia rangi ya kutu.

"Hakuna kutu," alisema Dokta Zamda.

Yunis aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa meza. Hakuomba kwa maneno. Alikaa hivyo tu, akihema, na daktari, ambaye hakuwa mtu wa kusali, alimwacha akae.

"Ila kuna kitu kingine, Mama Ndaki."

Alipoinua kichwa, kioo kilikuwa kijani, kijani ya majani ya kunde.

Hakuna mtu Itumbiko aliyehitaji kuelezwa maana ya rangi ile. Ilikuwa ya chanjo iliyoitwa kitaalamu Kinga Tambazi, lakini watu walimwita mgeni. Alikuwa ndugu wa mnyauko aliyeng'olewa meno. Hukaa mwilini pale pale ambapo mnyauko ungekaa, akala chakula kile kile, na mnyauko ukija hukuta kiti kimekaliwa. Tena hutembea kwa njia zile zile za ugonjwa. Ukimpa mtu mmoja, umempa na anayelala naye.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mchungaji Lameki alisema madhabahuni kwamba kinga inayopita panapopita dhambi ni kumshikia mwizi taa. Sheikh Mtoro wa msikiti wa stesheni alisema karibu maneno hayo hayo, kwa upole zaidi, akaongeza kwamba anayetaka kuwalinda watu aanze kwa kuwatafutia vijana mahari nafuu. Dokta Zamda alijibu kwamba mnyauko haujawahi kumuuliza mtu cheti cha ndoa. Mgeni alipoletwa kwa wakunga, Yunis alikunja mikono yake. "Mimi nina mume mmoja, na mume wangu ana mke mmoja," alisema siku ile. "Mgeni atakuja kwetu kufanya nini?"

Sasa alikitazama kioo. "Kimekosea."

"Nimekirudia kabla sijakuita."

"Basi ni damu ya Kabula."

"Ya Kabula ilikuwa kutu tupu siku ile. Naye alikataa mgeni, kama wewe." Dokta Zamda alikifuta kioo polepole, bila kumtazama. "Mgeni haji kwa hewa, dada yangu. Haji kwa kikombe wala kwa choo. Kuna sindano, kuna damu, na kuna kitanda. Mimi siruhusiwi kukwambia nani nimemchoma. Ila nenda nyumbani ukaulize, na uulize kabla hujahukumu."

*

Elikana alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, akimenya viazi. Alimwona usoni kabla hajasema kitu, na kisu kikasimama.

"Una kutu?"

"Sina." Yunis hakukaa. "Nina kijani. Baba Ndaki, ni nani?"

Alikuwa ameyapanga maneno mengine njiani. Alitaka kuuliza mwanamke huyo ni wa wapi, ni tangu lini, na kama wanaimba kwaya moja. Hakuyahitaji, kwa sababu uso wa mumewe ulifanya kitu ambacho hakukitegemea. Ulilegea. Machozi yakamtoka, na chini ya machozi kulikuwa na furaha tupu.

"Kwa hiyo kimefanya kazi," alisema Elikana.

"Nini kimefanya kazi?"

"Hakuna mwanamke, Yunis. Hajawahi kuwapo. Nilikwenda kwa daktari mwenyewe. Unakumbuka yule mkunga wa Nzubuka tuliyemzika wakati wa kiangazi? Naye alikuwa wa mume mmoja. Mumewe alikuwa shemasi, mtu safi. Mikono ya mkunga mwenyewe ndiyo iliyomuua." Alitazama mikono ya mkewe. "Nilirudi kutoka msibani, nikawa kila ukitoka kwenda kuzalisha nakusikiliza unavyofunga mlango. Sikuweza kuvumilia."

Sasa Yunis alikaa.

"Uliniomba nichomwe," alisema.

"Nilikuomba."

"Nikakujibu."

"Ulinijibu."

"Sheria inasema mgeni hatolewi mpaka wote wawili waridhie. Daktari hakukuuliza?"

Elikana alikirudia kiazi kilichokwisha kumenywa, akakikata kipande, akakiacha. "Aliuliza. Nikamwambia umeridhia. Mimi ni mzee wa kanisa. Aliniamini."

Mvua ilikuwa imekatika. Kwa jirani mtu alikuwa akitwanga.

"Ulinisemea," alisema Yunis. "Miaka yote hii hujawahi kunisemea hata bei ya kitenge. Ukachukua mwili wangu ukaujibia."

"Nilikuwa naogopa kukuzika."

"Ungenizika nikiwa nimekataa kwa kinywa changu, ungekuwa umeniheshimu."

"Ndiyo," alisema Elikana. "Ningekuheshimu kaburini."

Neno hilo lilimuuma kuliko kosa lenyewe. Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika kichwa na kukiweka kifuani, kwa kuwa alikuwa hai na angeweza kufanya yote mawili. Hakufanya lolote. Walikula viazi, na Ndaki alipotoka shule akawatazama mmoja baada ya mwingine, akala haraka akaenda kucheza. Elikana alijitandikia sebuleni bila kuambiwa.

*

Siku chache baadaye Dokta Zamda alimwita wodini. Kabula alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu, lakini la kulia lilimfuata Yunis tangu mlangoni.

"Tazama hiki," alisema daktari, akimwonyesha kioo.

Kutu ilikuwepo, katikati, ndogo kama doa la chai. Kuanzia pembeni kijani ilikuwa ikiingia ndani.

"Nani kamchoma?" aliuliza Yunis.

"Hakuna. Mkono wako ulikuwa wazi siku ile, naye alikuwa na jeraha la uzazi. Njia huenda pande zote mbili." Daktari alishusha sauti. "Ugonjwa ulikuwa haujashika mizizi. Mgeni anaula taratibu. Jicho lile sitaahidi, lakini miguu itabaki yake. Na mtoto kioo chake ni cheupe."

Alipowaacha, Yunis alikaa ukingoni mwa kitanda. Siku zile zote alikuwa akimhesabia mumewe kosa, na kumbe yeye mwenyewe, bila kujua, alikuwa amelifanya lile lile kwa binti wa watu. Alilisema hivyo hivyo, kwa sababu hakuona namna nyingine ya kulisema.

"Nimekutia mgeni, Kabula. Ulimkataa, mimi nikakutia. Sikukuuliza."

Kabula alifikiri. "Mkunga, mimi siku ile nilikuwa nakiona kifo kimesimama pale dirishani. Ungeniuliza nini? Uliniambia tweta, nikatweta." Alimweka mtoto vizuri. "Masanja ndiye hakuniuliza. Alirudi kwangu anajua ana mnyauko. Ameniambia mwenyewe, juzi, amesimama hapo ulipokaa. Nimemwambia aende kwanza, mimi nitakuwa kwa mama." Kisha akasema, "Namshukuru Mungu kwa ajili yako. Usinikataze."

Yunis hakumkataza. Alikaa, akashukuriwa, na ilikuwa vigumu.

Mchungaji Lameki alimkuta akitoka. Alikuwa amekonda kwa kufunga, na uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyepewa sikukuu.

"Mama Ndaki, Jumapili tuna ibada ya shukrani. Tunataka ushuhuda wako. Watu wanaongea mpaka sokoni. Kuna akina mama walikuwa wameshapanga foleni ya mgeni, wamerudi nyumbani. Wanasema, Mama Mkunga hakuchomwa, na Mungu amemlinda kwa uaminifu wake."

"Wangapi wamerudi?"

"Karibu wote." Alisema kwa furaha safi, isiyo na hila.

Yunis alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Akisema mbele ya kanisa kwamba ana mgeni, kabla hajamaliza sentensi watu watakuwa wameshamvua Elikana uzee wa kanisa, na wengine watakuwa wameshamtafutia mwanamke. Akinyamaza, wale akina mama watabaki nyumbani, na wengine kati yao wana akina Masanja wao. Ushuhuda wa uongo, tena uliosemwa kwa kunyamaza tu, ungeweza kuua watu wakati ukipigiwa vigelegele.

Jumamosi alimwambia Elikana atakalolisema.

"Lako litasikika lote," alisema. "La daktari, na la kunisemea. Sasa nakuuliza. Niseme?"

Elikana alikuwa akifunga kamba za viatu vya kazini. Alichukua muda mrefu kwenye fundo moja.

"Sema," alisema.

*

Kanisa lilijaa mpaka ngazi. Akina mama walivaa vitenge vya sare, na Dokta Zamda alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kumsubiri mwingine.

"Bwana asifiwe," alisema Yunis.

"Amina."

"Nimeitwa nishukuru. Nashukuru. Mlinifulia, mlinipikia, mlifunga kwa ajili yangu. Maombi yenu nimeyasikia mwilini kama mtu anavyosikia blanketi. Msiyaondoe katika haya nitakayosema." Alishika ukingo wa mimbari. "Mnyauko uliingia kwangu kwa jeraha. Ukakuta kiti kimekaliwa. Mimi nina mgeni."

Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye mtama. Vichwa viligeuka kumtafuta Elikana katika viti vya wazee. Alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Mnamtazama mume wangu. Mtazameni vizuri. Hakwenda kwa mwanamke, alikwenda zahanati. Agano tuliloapa halijavunjika hata siku moja. Aliniogopea mikono yangu, nami nilikuwa nimemkatalia, akaenda akasema nimeridhia. Mgeni akaingia kwangu bila hodi." Alimtazama Elikana. "Kwa hilo nina hasira naye, na sijamaliza. Na kwa hilo hilo nimesimama hapa. Nimejaribu kuvitenganisha hivi viwili, nimeshindwa. Nimevileta vyote kwa Mungu kama vilivyo."

Mtoto alilia, akanyonyeshwa.

"Binti zangu niliowafunda, nisikilizeni. Uaminifu ni mzuri. Nitaufundisha mpaka nife. Lakini uaminifu ni wa watu wawili. Ukiwa wa mmoja, yule mmoja anabaki na tumaini tu, na tumaini halizuii mnyauko. Mliotoka kwenye foleni kwa sababu yangu, mimi sikuwa nje ya foleni. Nilipitishwa mlango wa nyuma. Nendeni mkaulizwe. Mkisema ndiyo, iwe ndiyo yenu. Mkisema hapana, iwe yenu pia."

Alishuka. Mchungaji Lameki alikuwa ameketi, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza Yunis aliona jinsi alivyozeeka katika majuma yale. Wengi walidhani angekemea. Alisimama taratibu.

"Ungeulizwa leo, Mama Ndaki, ungejibu nini?"

"Ningesema ndiyo, Mchungaji. Ila ningetaka kuulizwa."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama anayemsikiliza mtu mwingine ndani yake.

"Mimi bado nasema amri ni amri," aliliambia kanisa. "Sitaifupisha. Na bado nina mashaka na kitu kinachotembea chenyewe katika watu. Lakini nilifunga nikiomba Mungu amlinde dada yetu, na alikuwa ameshamlinda kwa mkono wa watu niliowasema vibaya hapa. Siwezi kumshukuru Mungu nikachagua mkono." Alimtazama Dokta Zamda kule nyuma. "Daktari, maharusi nikiwaleta, utawauliza kila mmoja peke yake?"

"Kila mmoja peke yake," alisema Dokta Zamda. "Na hata mzee wa kanisa akija kumsemea mkewe, nitamuuliza mke. Hilo nimejifunza kwa aibu."

Mchungaji akageuka. Mkewe, Mama Raheli, alikuwa kiti cha mbele, kofia yake ya Jumapili kichwani. Ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa mnyauko pale Itumbiko tangu mwanzo, na hakuna aliyewahi kulifikiria hilo.

"Mama Raheli," alisema Mchungaji, na sauti yake haikuwa ya mimbarini. "Mikono yako nayo. Ungependa twende?"

Kanisa zima liliinama mbele. Mama Raheli alirekebisha kofia.

"Nitakujibu nyumbani, Baba Mchungaji. Nataka kufikiri."

Kicheko kilianza kwa akina mama, kikaenda mpaka kwa wazee. Mchungaji Lameki alisubiri kiishe.

"Nitangoja," alisema.

Yunis alifunika uso kwa kitambaa. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa kioo, kwa miguu ya Kabula, kwa kilio chembamba cha mtoto yule. Hakujua kwamba ungekuja wakati wa kumshukuru kwa ajili ya mwanamume aliyekubali kungoja jibu.

Nje, jua lilikuwa kali na matope yalianza kukauka. Wazee wawili walimshika Elikana wakamwambia kitu kwa sauti ya chini: apumzike uzee mpaka mwaka ugeuke, kisha wataona. Aliitikia bila kubisha. Baada ya hapo alisimama kando ya ukuta, kofia mkononi, kama mtu asiyejua njia ya kwao.

Yunis alimwendea.

"Asante, Baba Ndaki," alisema. "Niko hai. Asante."

Elikana alifungua kinywa, Yunis akainua kiganja chenye kovu.

"Sijamaliza. Usinifanyie tena."

"Sitakufanyia."

"Haya. Leo nipikie wali. Ugali wako umenishinda."